Baba amepofuka jicho moja. Je, nami nipimwe?

Barua iliyo mezani pangu juma hili imetoka Jomvu Kuu, bara ya Mombasa. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 43. Amenisihi nisilitaje jina lake, nami nimelihifadhi. Hata hivyo kisa chake ni kisa cha nyumba nyingi, na ndiyo sababu nimeonelea nimjibu hapa ili kila mwenye mzazi mzee apate kufaidika.

Asema hivi. Babake ana miaka 71, na maisha yake yote alikuwa mvuvi wa mitumbwi huko horini, kwenye mikoko. Miaka michache iliyopita mzee alianza kujigonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango. Akiwekewa kikombe cha chai upande huo, hukipiga kumbo. Mtu akija kumwamkia kutoka kushoto, mzee hamwoni mpaka asimame mbele yake, na wapo walioanza kunong'ona kwamba ameingiwa na kiburi. Mwenyewe alisema ni uzee. Jicho lilikuwa haliumi, haliwashi, wala si jekundu. Msahafu aliusoma kama kawaida. Mara kwa mara alinunua matone dukani, akatia, akaendelea na shughuli zake.

Siku moja mchanga ulimwingia jicho la kulia. Alipolifumba ili alipanguse, alikuta dunia yote imezima. Hapo ndipo nyumba ilipotaharuki na mzee akapelekwa hospitali. Waliambiwa ni glakoma, ile ambayo watu wetu huiita presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limeshaanza kuliwa.

Mama huyu ana maswali matatu. Kwanza, je, babake akipasuliwa ataona tena? Jirani yao alitolewa mtoto wa jicho na kesho yake alikuwa anawatambua wajukuu. Pili, mzee amechoka na matone. Asema hayamsaidii kitu, na Ramadhani iliyopita aliyaacha mwezi mzima. Tatu, amesikia ugonjwa huu hurithiwa. Yeye binafsi anaona vizuri hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Mumewe amwambia kwamba kwenda hospitali na hali huumwi ni kuutafuta ugonjwa. Je, apimwe?

Dada yangu, nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Ndiyo, nenda ukapimwe. Nenda na ndugu zako wote wa tumbo moja. Sasa nikueleze kwa nini, ili nawe upate la kumweleza mume wako.

Maji ya ndani ya jicho

Jicho si pumba kavu. Ndani yake, upande wa mbele, kuna maji maangavu yanayotengenezwa mchana na usiku. Haya si machozi. Machozi huosha jicho kwa nje, na maji haya hukaa ndani, yakilisha sehemu za jicho ambazo hazina mishipa ya damu. Yakishafanya kazi hutoka kupitia vijitundu vidogo mno vilivyo pembeni, pale kioo cha mbele kinapokutana na ile duara yenye rangi.

Fikiria karo ya kuoshea vyombo ambayo bomba lake halifungwi kamwe. Maadamu maji yanatoka sawasawa na yanavyoingia, hakuna taabu. Lakini mfereji ukianza kuziba, maji hujaa. Jicho halina pa kufurikia, kwa hivyo maji hubana ndani, na mbano huo huelekea nyuma, mahali ulipo mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja. Zikibanwa, hufa kidogo kidogo, na uzi uliokufa hauoti tena.

Kwa kawaida mbano wa jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ukizidi hapo, hatari huongezeka. Lakini wapo watu ambao mshipa wao huharibika hata mbano ukiwa chini ya 21, na wapo ambao mbano umepita hapo na mshipa ungali mzima. Kwa hivyo nambari peke yake haitoshi. Lazima daktari auone mshipa wenyewe.

Hapa niondoe kosa moja lililoenea sana. Presha ya macho si presha ya damu. Mtu akipimwa mkono zahanati na kuambiwa presha yake ni nzuri, hajapimwa macho. Hizo ni habari mbili mbalimbali.

Kwa nini mzee hakujua?

Wengi hudhani kwamba mtu anayepofuka huona giza likimjia kama pazia. Glakoma ya kawaida haiji hivyo. Huanza kwa kula sehemu za pembeni na kuiacha ile ya katikati mpaka mwisho. Katikati ndiko tunakosomea, tunakohesabia pesa na kutambua sura za watu. Ndiyo maana mzee aliweza kusoma Msahafu wake huku upande mzima ukipotea.

Isitoshe, macho ni mawili, nayo husaidiana. Palipopotea kwenye jicho moja huonwa na jingine, na ubongo nao hujaza mapengo bila kumwambia mwenyewe. Basi mtu huweza kupoteza jicho zima asijue, mpaka siku atakapolifumba lile lililo zima. Mzee wa Jomvu Kuu si wa kwanza kugundua kwa njia hiyo.

Kwa hivyo, dada, hiyo sindano unayoitia uzi haithibitishi kitu. Hata yule ambaye glakoma imekwisha kumwanza aweza kutia uzi, na aweza kusoma herufi ndogo kabisa za ubao wa daktari. Hii ndiyo sababu nasema usingoje kuumwa. Katika ugonjwa huu, anayengoja dalili hungoja hasara.

Ni ugonjwa wa wangapi?

Watafiti waliwahi kwenda vijijini wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, wakawapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Walikuta kwamba katika kila watu 100, zaidi kidogo ya wanne walikuwa na glakoma. Hebu kadiria safu za msikiti siku ya Ijumaa, au viti vya kanisa siku ya Jumapili. Hali ikiwa ni kama ya Kongwa, katika kila watu wazima 100 waliokaa hapo, wanne wamo hatarini, na huenda hakuna hata mmoja anayejua.

Duniani kote, wataalamu walikadiria kwamba kufikia mwaka 2020 watu wenye ugonjwa huu wangekuwa milioni 76. Miongoni mwa magonjwa yanayoleta upofu usiorudishika, huu ndio unaoongoza.

Walio katika hatari zaidi ni hawa: watu wenye asili ya Kiafrika, ambao ugonjwa huwaanza mapema na huwa mkali zaidi, waliovuka miaka 40, walio na mzazi, ndugu au mtoto mwenye glakoma, wanaovaa miwani mizito ya kuonea mbali, waliowahi kupigwa au kuumia jicho, na waliotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, hasa zile za matone.

Hilo la steroidi nalisisitiza. Yapo matone yenye dawa kama deksamethasoni, ambayo hutuliza wekundu na mwasho upesi, na kwa hivyo watu huyapenda. Yakitumiwa miezi na miezi bila daktari, yanaweza kupandisha mbano wa jicho na kuua mshipa. Usinunue matone kwa sababu yalimsaidia jirani. Na yale mambo ya kutia asali, maziwa ya mama au maji ya majani jichoni tuyaache. Hayazibui mfereji, na yanaweza kuleta vidonda.

Kuhusu urithi, umesikia kweli. Mwenye ndugu wa tumbo moja au mzazi aliye na glakoma ana hatari mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Si lazima aipate, lakini hana ruhusa ya kupuuza. Wewe una miaka 43, una asili ya Kiafrika, na una baba mgonjwa. Mambo matatu tayari. Mume wako asema kwenda hospitali ni kuutafuta ugonjwa. Mwambie kwa upole kwamba ugonjwa, kama upo, hautakuwepo kwa sababu umetafutwa. Tofauti ni kama utapatikana ukiwa na macho mawili au ukiwa na moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa glakoma haujengeki.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine

Sasa nije kwa swali la kwanza, ambalo najua ndilo zito kwako. Jirani yenu alikuwa na mtoto wa jicho. Huo ni ugonjwa wa lenzi kuingia ukungu, kama kioo cha taa ya chemni kilichojaa masizi. Mshipa wa nyuma u mzima. Daktari huitoa ile lenzi yenye ukungu, huweka ya bandia, na nuru hupita tena. Ndiyo maana jirani aliwaona wajukuu kesho yake.

Kwa babako, kilichoharibika ni ule mshipa wenyewe. Upasuaji wa glakoma upo, lakini kazi yake ni kuyafungulia maji njia nyingine ili mbano ushuke. Hauwezi kurudisha kilichopotea. Jicho la kushoto halitaona tena, dada yangu. Nasikitika kuliandika, lakini ni afadhali ulijue sasa kuliko kuja mtu akawauzia dawa ya kulirudisha, mkauza hata mtumbwi.

Jambo la kushikilia ni jicho la kulia. Hilo lingalipo, na laweza kulindwa.

Matone yasiyoonyesha faida

Mzee asema matone hayamsaidii. Namwelewa. Dawa ya maumivu ukiinywa, kichwa hupoa. Matone ya glakoma ukiyatia, huoni nafuu yoyote, na baadhi huwasha. Lakini kazi yake si kumfanya aone zaidi ya jana. Kazi yake ni kumfanya mwakani aone kama anavyoona leo. Mwambie hivi: mvuvi aliyetia nanga hapigi hatua, lakini pia hapotezwi na mkondo. Matone ni nanga.

Yatiwe kila siku, kwa saa zilezile, maisha yote. Namna ya kuyatia ni hii. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, utie tone moja tu. Ncha ya chupa isiguse jicho. Kisha fumba jicho na ubonyeze kwa kidole ile pembe iliyo karibu na pua, kwa dakika mbili hivi, ili dawa isishukie puani na kooni. Kama ni dawa mbili, pisha dakika tano kabla ya kutia ya pili. Mzee asiyeona vizuri asiachiwe kujitilia mwenyewe. Mjukuu mmoja akabidhiwe kazi hiyo.

Kama mzee ana pumu, au moyo wake hupiga polepole, daktari aambiwe mapema. Timolol, ambayo hutumiwa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, inaweza kuwadhuru watu wa namna hiyo, na zipo dawa nyingine.

Kuhusu Ramadhani, wengi hapa Pwani huacha matone kwa kuogopa kufungua saumu. Baraza la kimataifa la wanazuoni wa fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1997, lilitaja matone ya macho miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, almuradi mtu asimeze kinachofika kooni. Ikiwa mzee bado ana wasiwasi, amuulize sheikh wake, na kisha amweleze daktari. Mara nyingi yawezekana kupanga dawa itiwe wakati wa daku na baada ya kufuturu. Lisilowezekana ni kuliacha jicho mwezi mzima bila ulinzi.

Kwa wale wanaoshindwa na matone, ipo njia ya miale ya leza, ambayo daktari huielekeza kwenye ule mfereji ulioziba ili maji yapite vizuri zaidi. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa: wengine walitibiwa kwa miale, wengine kwa matone ya timolol. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu kwa macho 61 kati ya kila 100 upande wa miale, na 31 kati ya kila 100 upande wa matone. Baadhi ya waliotibiwa kwa miale walihitaji kurudiwa. Mashine hizo haziko kila mahali, lakini muulizeni daktari wa mzee kama njia hiyo yamfaa.

Utapimwa nini, na wapi?

Usiogope vipimo. Daktari atakusomesha herufi ubaoni. Atapima mbano wa jicho. Wakati mwingine hutia tone la ganzi kwanza, nawe huhisi kuguswa tu. Ataangalia nyuma ya jicho kwa taa ili auone ule mshipa. Akishuku, atakukalisha mbele ya mashine yenye vinuru vidogo, nawe utabonyeza kitufe kila unapokiona kimoja. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha upana wa kuona kwako. Ukienda mahali ukasomeshwa herufi tu na kuuziwa miwani, hujapimwa glakoma. Omba waziwazi: "Nataka kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa, kwa sababu babangu ana glakoma."

Kwa mtu wa Jomvu Kuu, njia si ndefu. Hospitali Kuu ya Pwani ina kliniki ya macho. Kisiwani Mombasa pia kuna hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ, na ng'ambo ya Likoni kuna Kituo cha Macho cha Kwale. Kabla ya kutoka nyumbani, uliza siku za kliniki na gharama. Kama umejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, uliza pia ni huduma zipi za macho inazolipia. Ukitiwa dawa ya kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hivyo nenda na mtu wa kukushika mkono wakati wa kupanda matatu ya kurudi.

Ukiambiwa u mzima, shukuru, na umuulize daktari urudi baada ya muda gani. Kupimwa mara moja hakutoshi maisha yote.

Dalili zisizongoja kesho

Nimesema glakoma ya kawaida haiumi. Lakini ipo aina nyingine inayokuja kwa ghafla, pale mfereji unapozibwa wote mara moja. Jicho huuma sana, huwa jekundu, kuona huingia ukungu, taa huonekana zimezungukwa na duara za rangi, na mgonjwa huumwa kichwa na kutapika. Watu hudhani ni malaria au ni tumbo. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, iwe ni usiku wa manane. Saa chache huweza kulipoteza jicho.

Watoto pia hawakusalimika. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kiasi, anayetoka machozi, anayekimbia mwanga, au ambaye kioo cha jicho kina rangi ya maziwa, asisifiwe uzuri wa macho. Apelekwe kwa daktari upesi.

Neno la mwisho kwa mzee

Naomba umsomee babako sehemu hii. Mzee wangu, wahenga walisema ni heri kufa macho kuliko kufa moyo. Jicho moja limekwenda, na si kwa uzembe wako. Hukuambiwa, na ugonjwa wenyewe haukubisha hodi. Lakini wewe ndiye uliyewafungulia wanao mlango. Lau hukuugua wewe, binti yako asingeniandikia barua hii, naye asingejua kwamba anapaswa kupimwa. Basi waite wanao wote, waliooa na walioolewa, uwaamuru kama baba waende wakapimwe. Neno lako litasikika kuliko langu. Kisha mwite mjukuu wako alete ile chupa ya matone.

Nawe dada, ukishapimwa, niandikie tena. Nitangoja kwa hamu.